Hivi kwa nini slaisi ya pizza ya kiduka cha kona New York inaishinda pizza nzima ya hotelini? Wajuvi njooni

#1 Ngosha wa Bronx
Habari za muda huu wakuu. Niende kwenye mada.

Huku Bronx karibu na kituo cha treni kuna kiduka cha pizza chembamba kama korido. Ukiingia kuna kaunta ya kioo, nyuma ya kioo zimepangwa pizza nzima nzima zimeshakatwa vipande nane nane, unasonta kwa kidole unataka kipi, jamaa anakirudisha kwenye oveni dakika mbili tatu hivi, anakutolea kwenye sahani ya karatasi ambayo kipande kimeizidi kote kote, unalipa unasogea pembeni kwenye kibao cha ukutani maana viti hakuna, unakula umesimama unaondoka. Basi. Hakuna wa kukuuliza utakunywa nini wala chakula kikoje.

Sasa mimi pizza nimekula Dar, nimekula Nairobi, nimekula hapa hapa Manhattan sehemu wanakuwekea kitambaa mapajani, na sijaona inayokifikia kile kipande. Nikamuuliza jamaa wa kaunta (Mualbania, mcheshi sana) akaniambia siri ni maji ya New York. Sijamwelewa kivile. Wajuvi, ni nini hasa? Maji, oveni, unga, au ni njaa yangu tu ya kutoka shifti ya usiku?

#2 Mama Twins
Njaa. Mods fungeni uzi.

#3 Kilongalonga
Mkuu Mualbania wako yuko sahihi. Maji ya New York yanatoka mabwawa ya milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, yanasafiri umbali mrefu kweli hadi yafike mjini na mengi hayapiti hata kwenye mtambo wa kuchuja, yanatiwa dawa na kupigwa mwanga wa UV yanaachiwa. Ni maji laini, chokaa na magnesi kidogo sana. Maji magumu yanakaza unga, maji laini yanauacha unavutika. Ndo maana hata Wamarekani wenyewe wakihamia Arizona wanalia hawapati pizza ya kwao.

#4 Mwl Vekta
@Kilongalonga hapo kwenye ulaini wa maji sawa, ila hitimisho lako linavuja. Pizza mbovu New York zipo kibao na zote zimekandwa kwa maji yale yale ya Catskill. Zinakuwaje mbovu? Halafu ugumu wa maji mwoka mikate anaujua, anarekebisha chumvi, hamira, muda wa kukanda, kazi imeisha. Maji ni biashara ya hadithi tu. Florida kuna watu wamejenga jina la duka la bagel (vile vimkate vya duara vyenye tundu) kwa kutangaza kwamba wanayatengeneza maji yao yafanane na ya Brooklyn, na wateja wanapanga foleni.

#5 Kilongalonga
Sasa kama wanapanga foleni si ina maana yanafanya kazi? 😂

#6 Mwl Vekta
Foleni si ushahidi. Hata kwa mganga kuna foleni.

#7 Odijo254
Wasee mnazunguka bure, ni oven. Nimefanya kazi kwa kitchen ya pizza Jersey City so naongea kitu najua. Hizo za mtaa hazitumii oven ya nyumbani wala ile ya mkanda unaotembea ya hao wakubwa wa delivery. Ni oven ya gesi ya chuma, mlango unafunguka chini kama droo, sakafu yake ndani ni jiwe, na moto unakaa kitu 280 hadi 315 selsiasi siku nzima bila kuzimwa. Pizza inawekwa moja kwa moja juu ya jiwe, hakuna sinia. Chini inakauka inakuwa kraspi, juu chizi inachemka. Oven ya nyumbani ikijaribu sana inafika 250 na ukifungua mlango mara moja joto lote limeenda.

#8 Ngosha wa Bronx
Hiyo droo ndo yenyewe kabisa @Odijo254, zipo mbili moja juu ya nyingine. Na jamaa anasukuma kwa lile koleo refu la bati bila hata kuangalia.

#9 Dada wa Queens
Naongezea kwa Odijo maana hapo ndipo historia ilipo. Wazee wa kwanza walichoma kwa makaa ya mawe. Lombardi's pale Spring Street ndiyo inayotajwa ya kwanza Marekani, 1905. Totonno's ya Coney Island 1924, John's ya Bleecker Street 1929. Makaa ya mawe yanawaka vikali mno, pizza inaiva dakika chache, inatoka na madoa meusi, laini katikati, inatakiwa iliwe pale pale. Ndiyo maana John's hadi leo hawauzi kipande, wameandika wazi kabisa, unanunua nzima au unaondoka. Kipande kilipata nguvu oveni za gesi zilipoingia miaka ya 1930 kwenda mbele, kuna Muitaliano anaitwa Frank Mastro alikuwa akiuza hizo oveni na kuwahamasisha watu wafungue maduka. Gesi ni moto wa polepole, pizza inakaa muda mrefu ndani, inakauka zaidi, kwa hiyo inavumilia kukaa kwenye kioo na kurudishwa motoni. Bila gesi hicho kiduka chako kingekuwa hakipo.

#10 Mzee Kipara
Dada umeeleza vizuri ila hiyo 1905 siku hizi ina mushkeli. Kuna mtafiti wa Chicago, Peter Regas, alifukua magazeti na nyaraka za zamani akaonyesha mtu aliyeitwa Filippo Milone alikuwa akifungua maduka ya pizza New York kabla, na huenda hata lile la Spring Street lilianzia mikononi mwake kabla Gennaro Lombardi hajalichukua. Lombardi mwenyewe 1905 alikuwa kijana mdogo. Patsy's ya East Harlem nao (1933) wanadai wao ndio walioanza kuuza kwa kipande. Kila duka New York ni la kwanza kwa kitu fulani.

#11 Dada wa Queens
Nilisema "inayotajwa" mzee wangu, soma taratibu 😄 ila ahsante kwa Milone.

#12 Mzaramo Halisi
Kama zile Ray's. Nilipokuwa huko kila kona Ray's, Original Ray's, Famous Original Ray's, sijui Famous Ray's. Nikauliza nani mwenyewe, hakuna anayejua.

#13 Mzee Kipara
Mwenyewe alikuwa Ralph Cuomo, Prince Street, 1959. Lilifungwa 2011. Wengine wote walidandia jina.

#14 Chumvi Kidogo
Mimi nasema ni chizi na nyie mnapita pembeni tu. Chizi ya hizo slaisi ni mozarela kavu, ile iliyopunguzwa maji, tena yenye mafuta kamili. Mozarela mbichi ile ya Naples, Italia, inayoelea kwenye maji ukiiweka pale ukairudisha motoni mara mbili unapata bwawa. Kavu inayeyuka, inatoa yale mafuta ya rangi ya chungwa, inashika. Huku kwetu maduka mengi yanachanganya na chizi za bei rahisi zenye wanga, zinaganda kama plastiki zikipoa. Hapo hata uwe na oveni ya malaika.

#15 Odijo254
Chizi sawa lakini pia unga. Ni unga wa protini nyingi, na gunia nyingi huko zina kitu inaitwa potassium bromate, inakaza donge linainuka poa. EU na Uingereza wamepiga marufuku zamani, California wamepitisha sheria inaanza 2027. So hiyo utamu ingine ni kemikali boss 😅

#16 Mama Twins
Haya sasa. Mtu alikuwa anakula kwa amani.

#17 Mwl Vekta
@Odijo254 si lazima, wapo wengi wameshahamia unga usio na bromate na slaisi ziko pale pale. Jambo ambalo hamjaligusa ni muda. Donge la pizza ya New York linawekwa kwenye friji siku nzima au mbili, wengine tatu, hamira inafanya kazi polepole kwenye baridi na ladha inajijenga. Halafu linatiwa mafuta kidogo na sukari kidogo, ambavyo Naples hawatii, wao ni unga maji chumvi hamira imetoka. Ile sukari ndiyo inayoleta rangi ya kahawia kwenye oveni isiyo kali sana. Kwetu mtu anakanda saa nne asubuhi saa sita anauza.

#18 Bin Forodhani
Assalaam alaykum. Jamani mie nawasoma tu nacheka. Pizza ya Forodhani mnaijua nyie? Donge la chapati linavutwa hadi unaona mkono upande wa pili, nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili boga, yai, mayonezi, chizi ya pembetatu, inakunjwa mraba inakaangwa kwa samli mbele ya macho yako. Haina haja ya maji ya Catskill wala gesi ya 1930. Njooni Unguja.

#19 Odijo254
Sheikh hiyo ni chapati imejifungia ndani na yai 😂😂😂

#20 Bin Forodhani
Na hiyo yenu ni mkate umesahauliwa nje bila mfuniko.

#21 Mzaramo Halisi
🤣🤣 Bin Forodhani kaua.

#22 Dada wa Queens
Bin Forodhani wa alaykum salaam. Kwa kweli ile ninaipenda, na mtu anayesimama kula pale usiku anafanya kile kile Ngosha anachofanya Bronx. Chakula cha kusimama, bei ndogo, unakiona kikitengenezwa. Labda hilo ndilo jibu la swali lake na si unga.

#23 Bin Forodhani
Sasa nina swali la maana. Mtu asiyekula nguruwe anakula vipi kwenye hivyo viduka? Maana hiyo peperoni naijua ni nini.

#24 Ngosha wa Bronx
Peperoni ya kawaida hapa ni soseji ya nguruwe na ng'ombe wamechanganywa. Mimi nakula ya chizi tupu.

#25 Dada wa Queens
Queens na Brooklyn viduka vya halali vipo vingi, wenyewe Wabangladeshi, Wapakistani, Wamisri, Wayemeni, peperoni yao ya ng'ombe, kuna hadi yenye kuku tikka juu. Mimi nilipofika nilikuwa nakula ya chizi popote hadi siku moja nikaangalia lile gurudumu la kukatia, limetoka kupita kwenye soseji likaja kwenye yangu. Tangu siku hiyo naenda halali tu. Na wengine wanauliza hata ile dawa ya kugandishia chizi kama imetoka tumbo la ndama, ingawa Marekani tangu 1990 chizi nyingi zinagandishwa kwa ile inayotengenezwa na vijidudu. Kila mtu na kiwango chake cha kuuliza.

#26 Bin Forodhani
Allah akulipe kheri dada. Gurudumu sikuwa nimelifikiria kabisa.

#27 Kilongalonga
Turudi kwenye bei maana Ngosha hajasema. Kipande shilingi ngapi?

#28 Ngosha wa Bronx
Hapa kwangu dola 3 na nusu ya chizi. Ukiongeza chochote juu inapanda.

#29 Mzee Kipara
Hapo sasa nina kisa kizuri. Mwaka 1980 kuna mtu anaitwa Eric Bram aliandika kwenye New York Times kwamba tangu miaka ya 60 bei ya slaisi na nauli ya treni ya chini ya ardhi zinakwenda pamoja kama zimefungwa kamba. Senti 15, senti 35, senti 50, nauli ikipanda na slaisi imepanda, au slaisi ikitangulia watu wanajua nauli inakuja. Na kweli iliendelea kutokea miaka mingi. Hakuna aliyewahi kutoa sababu ya kueleweka.

#30 Mwl Vekta
Sababu ni rahisi, mfumuko wa bei ni mmoja. Gharama za mishahara, nishati na pango zinapanda kwa wote. Ni bahati tu kwamba walianzia bei ile ile.

#31 Mzee Kipara
Mfumuko mmoja sawa, mbona hot dog haikufuata? Mbona kahawa haikufuata?

#32 Kilongalonga
Nadhani ni sarafu. Zamani mtu ana sarafu mfukoni za nauli, mwenye pizza naye anapanga bei sarafu hizo hizo zitoshe. Mteja huyo huyo, kituo hicho hicho.

#33 Ngosha wa Bronx
Ila siku hizi imekatika. Nauli ilikuwa 2.90 tangu 2023, Januari 2026 ikawa 3, slaisi imeshaikimbia.

#34 Odijo254
Na kabla ya hapo slaisi ilikuwa imeshuka chini ya nauli by the way. Baada ya uchumi kuanguka 2008 zikaja za dola moja, maduka kama 2 Bros. na wenzao. Slaisi bob moja, dola 1! Mwaka wa 2012 pale Sixth Avenue 2 Bros. na jirani wao Mhindi walipigana vita ya bei hadi wakafika senti 75. Wateja wakifurahi wenyewe wanaumia. Saa hii hiyo ya dola imebaki hadithi, wengi wameenda dola na nusu na zaidi.

#35 Chumvi Kidogo
Za dola moja ni nzuri lakini? Au watu walikuwa wanakula bei?

#36 Odijo254
Sosi kidogo, chizi unaitafuta na tochi. But zilikuwa moto kila saa coz zinaisha haraka, hiyo ndio siri yake. Slaisi mbovu imetoka saa hii inashinda slaisi poa imelala masaa nne.

#37 Mwl Vekta
Kabla hamjasema mnaibiwa: pizza ya kawaida ya pale ni inchi 18, sentimita 45 hivi, imekatwa nane. Piga hesabu ya eneo, vipande vitatu na nusu vya Ngosha ni sawa na pizza nzima ya inchi 12 ambayo huku mnalipia pesa ndefu mkiwa wanne mnapiga picha.

#38 Mama Twins
Mwalimu hesabu zako zinatia watu aibu jumapili yote hii.

#39 Mzaramo Halisi
Nawauliza wazoefu, ile unakulaje? Mimi mara ya kwanza niliishika kwa ncha ya vidole, kile kidomo cha mbele kikalala chini, mafuta yote kwenye shati jeupe la mkutano. Jamaa wa pembeni aliniangalia kwa huruma.

#40 Ngosha wa Bronx
Unaikunja mkuu. Unashika ukingo wa mkate, unakunja kwa urefu katikati, inakaa sawa kama kitabu, kidomo hakilali tena. Mafuta yanatiririka kwa mfereji yanaishia kwenye sahani. Wengine kabla ya hapo wanakandamiza tishu juu kuyanyonya. Halafu kuna vile vikopo vya kutikisia, pilipili ya chembe, oregano, kitunguu saumu cha unga, chizi ya parmesan.

#41 Mwl Vekta
Na mnajua kwa nini ukikunja haikunjiki tena mbele? Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alilieleza 1827. Kitu bapa ukikipinda upande mmoja hakiwezi kujipinda upande wa pili mpaka kivutike au kichanike. Ndiyo sababu hiyo hiyo bati la msauzi lina mawimbi, bati bapa lingelala juu ya paa. Hili mimi nalifundisha kwa karatasi kwa kuwa shule haina bajeti ya pizza.

#42 Chumvi Kidogo
Mwalimu ungekuwa ulinifundisha wewe ningekuwa injinia saa hizi.

#43 Mzee Kipara
Ukila kwa uma New York unaweza kupoteza kura. Januari 2014 meya Bill de Blasio, ndio kwanza ana siku chache ofisini, alionekana Staten Island anakata pizza kwa uma na kisu. Ilikuwa habari siku kadhaa, akajitetea kwamba ni desturi ya kwao Italia. Trump naye alisemwa 2011 alipokula na mwanasiasa Sarah Palin, uma huo huo.

#44 Dada wa Queens
Halafu 2025 Zohran Mamdani, huyu meya wa sasa mzaliwa wa Kampala, wakamshambulia mitandaoni kwa sababu alikula wali kwa mkono! Yaani pizza kwa uma ni kosa, wali kwa mkono ni kosa. Sasa mkono ule nini uma ule nini, watupe ratiba.

#45 Bin Forodhani
😂 Wali kwa mkono ni heshima wenzangu. Wanaoshangaa hawajala pilau la shughulini.

#46 Mama Twins
Afadhali ameshinda. Wali haujamponza.

#47 Kilongalonga
Nimesoma mahali kwamba hivyo viduka vya pizza vilikuwa vya mafia. Ngosha usije ukawa unakula ushahidi.

#48 Mzee Kipara
Si vyote, ila kesi ilikuwepo kweli. Iliitwa Pizza Connection, ilisikilizwa Manhattan kuanzia 1985 hadi 1987, mtandao wa Wasicilia waliokuwa wakiingiza heroini na kutumia maduka ya pizza kama kivuli. Badalamenti alikuwa mkuu wao. Moja ya kesi ndefu kabisa za jinai kule.

#49 Ngosha wa Bronx
Mualbania wangu anaingiza garlic knots tu, vile vifundo vya mkate vya kitunguu saumu 🤣

#50 Kibaraza cha Sinza
Nimesoma uzi wote nimeona niseme la kwangu maana mimi nililijaribu hili jambo Dar. Nilirudi kutoka huko nje nina akiba na nina kichwa kikubwa, nikakodi fremu Sinza pembeni ya barabara yenye baa na bodaboda, nikaleta oveni ya umeme yenye jiwe, nikaandika bango PIZZA KWA KIPANDE. Nilikuwa na uhakika nitawapiga wauza chips kisawasawa.

Kilichonishinda hakikuwa maji wala unga, unga nilikuwa nalaza kwenye friji siku mbili na ulikuwa unatoka vizuri tu waliokula walisifia. Kwanza chizi. Mozarela ya maana ni ya kuagiza au ya wazalishaji wachache na bei yake inaruka, ukiipunguza mteja anaona ukiiacha faida haipo. Pili umeme, oveni ile inataka saa nzima ipate moto, ukikatika saa moja usiku biashara ya siku imekufa. Tatu na ndio kubwa, mzunguko. Pizza nzima ni vipande nane, nikiitoa nahitaji watu wanane ndani ya saa moja. Nilikuwa napata watatu. Vitano vinalala kwenye kioo, vinakuwa ngozi, wa nne akija anakula ngozi anaenda kutangaza kwamba pizza ya pale ni ngozi.

Na mteja wa usiku wa Sinza anafanya hesabu pale pale mbele yako. "Bro hii kipande bei gani? Aah, hapo napata chips mayai na mshkaki mmoja na kachumbari." Anaondoka. Mwingine aliangalia ya chizi tupu akaniuliza kwa upole kabisa, nyama iko wapi.

#51 Odijo254
Woi. "Nyama iko wapi" imeniua.

#52 Chumvi Kidogo
Pole mkuu. Hapo kwenye ngozi ndo umejibu swali la Ngosha bila kujijua. New York pale kituoni wanapita watu elfu elfu, slaisi haikai.

#53 Mwl Vekta
Nusu ya jibu. Basi mbona chips mayai ya Dar ni tamu hata kwa muuzaji mwenye wateja watano? Kwa sababu inakaangwa ukiwa umesimama, haihitaji mzunguko. Slaisi ni chakula kilichopikwa nusu, kinamaliziwa ukija. Nadhani utamu uko kwenye ile mara ya pili motoni, jiwe linakausha chini upya. Ngosha jaribu kuomba ile iliyotoka saa hiyo hiyo isiyorudishwa uone kama ni tamu hivyo hivyo.

#54 Ngosha wa Bronx
@Mwl Vekta nimewahi kula ile iliyotoka saa hiyo. Iliniunguza kaakaa na chizi yote ikateleza ikabaki mkononi. Iliyorudishwa inashika vizuri zaidi kwa kweli. Ila nayo kuna kiduka kingine mtaa wa pili wanarudisha vile vile, oveni ile ile, na ni ovyo.

#55 Mama Twins
Basi ni Mualbania. Mkono wa mtu.

#56 Dada wa Queens
Mama Twins usicheke. Di Fara ya Midwood, Brooklyn, Dom DeMarco alifungua 1965 na kwa miongo mingi alikuwa anatengeneza kila pizza mwenyewe, anakata majani ya basili kwa mkasi juu ya pizza, watu wanasubiri saa nzima na zaidi. Alifariki 2022. Duka lipo, familia ipo, ila nenda ukawasikilize wateja wa zamani wanavyobishana pale nje kama bado ni ile ile.

#57 Kilongalonga
Na maji ni yale yale ya Catskill 😏

#58 Mwl Vekta
Asante Kilongalonga kwa kuivunja hoja yako mwenyewe.

#59 Odijo254
Kibaraza, Nairobi tao hii kitu imejaribiwa pia, kuna jamaa karibu na chuo alikuwa anauza slaisi na soda kwa ofa, saa saba mchana foleni hadi nje, wanafunzi. Likizo ikifika anafunga. So crowd ndio kila kitu. Otherwise sisi tunangoja Jumanne ya nunua moja upewe nyingine, mnachanga watu wanne.

#60 Mzaramo Halisi
Tatizo letu pia tunakula kwa kundi. Pizza kwetu ni bethidei. Mtu peke yake amesimama anakula pizza barabarani Manzese watasema ameachika.

#61 Kibaraza cha Sinza
😂 Hilo nalo. Ingawa mihogo ya kukaanga anakula peke yake amesimama na hakuna anayesema.

#62 Bin Forodhani
Mie nina wazo jengine. Hapa Ng'ambo kuna tanuri ya kuni ya mikate ya boflo, matofali ya udongo, sakafu inashika moto hadi mchana. Kwa nini mtu asitie pizza humo mikate ikishatoka? Hakuna umeme wa kukatika.

#63 Mzee Kipara
Ndivyo walivyofanya Waitaliano New York mwanzoni, tanuri za mikate ndizo zilizokuwa za pizza. Itakubali.

#64 Odijo254
Itatoka kama ya John's lakini, ya kuliwa hapo hapo. Hiyo ya kurudisha kwa kioo sidhani.

#65 Mwl Vekta
Mikate ikishatoka sakafu inakuwa imeshashuka joto, 220 hivi kwa makisio yangu. Itakauka kabla haijaiva juu. Itie kabla ya mikate.

#66 Bin Forodhani
Kabla ya mikate ni saa tisa usiku mwalimu. Nani wa kula pizza saa tisa usiku?

#67 Ngosha wa Bronx
Mimi. Ndio saa ninayotoka shifti.

#68 Kibaraza cha Sinza
Bin Forodhani oveni yangu bado ipo stoo imefunikwa turubai, na jiwe lake halijapasuka. Kama una wateja wa saa tisa njoo PM tuongee bei.